Nilivyomjibia Mkwe Wangu

Mdomo wangu haujawahi kungoja zamu. Majirani zangu wa mtaa wa Ng'ambo wanalijua hilo, na wateja wa asali yangu pale Kanyenye wanalijua zaidi, maana anayeniomba nipunguze bei huondoka na asali yake na maneno yake. Nilikuwa najivunia. Leo natamani ningezaliwa bubu.

Mwanangu alioa, akatuletea binti kutoka kijiji cha Puge, mpole, mwenye kupiga goti kila akinisalimia. Mimba yake ilipofika miezi minne nikafunga meza yangu ya asali, nikampeleka kliniki mwenyewe. Kwenye benchi tulikaa na wanawake watatu wa mtaani kwetu, wale wasioweza kulala na habari. Nesi akafungua kadi, akamuuliza, "Una ugonjwa wowote? Moyo, sukari, presha, kifafa?"

Nikadakia mimi. "Huyu mzima wa afya. Kwetu hatuoi wagonjwa."

"Mama, mwache ajibu mwenyewe," nesi alisema.

Mkwe wangu alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimwona kabisa. Nikamtupia jicho, akaufunga, akatazama chini. "Ni kama alivyosema mama," akajibu kwa sauti ndogo, na nesi akaandika hakuna. Angesema nini tena? Amkane mama mkwe mbele ya watu? Kwetu hilo ni tusi, na mimi nililijua.

Mimba ilipoingia mwezi wa sita akaanza kuhema akitoka bombani na ndoo. Nikamtania. Nikamwambia wazee wetu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, wewe ndoo moja tu unakata pumzi? Akacheka, maskini. Miguu ikavimba, nikasema huyo mtoto wa kiume. Akawa analala amekaa, ameegemea ukuta, anasema akijinyoosha anahisi anazama. Hata hapo nikasema mimba ina vituko. Nikikumbuka najichukia, na sitafuti mtu wa kunibembeleza.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni ameshika mlango, midomo imegeuka rangi, anakohoa povu lenye damu. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari akanitoa nje, akabaki naye. Alipotoka akanieleza taratibu: valvu ya moyo iliharibika tangu utotoni, kwa homa ya koo isiyotibiwa. Alikuwa akichomwa sindano kila mwezi mpaka alipoolewa, akaacha. Mimba huongeza damu mwilini, moyo ule haukuiweza, sasa maji yamejaa mapafuni.

"Wenye moyo kama wake wengine huzaa salama," alisema, "lakini tunawafuatilia tangu mwanzo. Mbona kwenye kadi imeandikwa hakuna?"

Nikainama nikafunga kitenge changu upya.

Siku hiyo hiyo walimtoa mtoto kwa upasuaji, wa kike, mwezi wa saba haujatimia. Akapelekwa kwenye chumba cha watoto njiti, mama yake akawekewa oksijeni. Nilikaa koridoni siku mbili nikimwomba Mungu na kugombana naye kwa zamu. Nilimwambia anichukue mimi, nimekula chumvi ya kutosha, na moyo wangu hauna kasoro. Siku ya tatu, adhuhuri, mkwe wangu akafariki. Hakuwahi kumshika mtoto wake.

Mama yake alifika kutoka Puge muda mfupi baadaye, vumbi la safari bado limo kwenye kitenge, rozari mkononi. Ndugu walikuwa wameshampa habari ya msiba. Nilijiandaa anikwide, na kwa kweli nilitaka anikwide. Badala yake alipiga magoti kwenye sakafu ile, akanishika miguu.

"Nisamehe, mkwe mwenzangu," alisema. "Nilijua moyo wake ni mbovu. Nilimwambia asiseme kwenu, nikaogopa mtamrudisha. Nilikupa mgonjwa, nikakuficha."

Nilikuwa na la kumwambia. Lilikuwa hapa kooni, kwamba binti yake alitaka kusema na ni mimi niliyemziba mdomo. Ndugu zake na ndugu zangu walikuwa wamesimama wanatutazama.

Nikasema, "Inuka, mama. Nimekusamehe."