Filme za Kutisha za Mwezi wa Mvua

Juma hili, mjini Kasongo, kwenye kibanda cha bwana anayewajazia watu filme katika simu, nilimkuta mama aliyetoka Wamaza kwa pikipiki, matope hadi magotini. Alitaka filme za kutisha za mwezi mzima, maana mvua ikizidi njia inakatika.

Bwana akachangamka. “Mama, hii iko na damu mingi. Hii nayo, mufu anatoka mu kaburi.”

“Kwa mwisho, nani anabakia?”

Bwana akakuna shingo. “Kwa mwisho sifikaka, mama. Naogopaka, nazima.”

Nilicheka. Mama hakucheka. “Sisi tulikimbia vita, tukarudia kwetu. Lakini batoto bangu, sufuria ikianguka tu, banakamata viatu bakimbie. Nataka baone woga yenye kuisha. Unipe zile zenye batu banarudia kwao.”

Mimi, katika safu hii, nilikuwa nikipima filme za kutisha kwa makelele ya watazamaji. Mwezi huu, msomaji, nakupendekezea kipimo cha yule mama.

Nilipoondoka, mama alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja kujua nani anabakia. Bwana alikuwa ameanza kuitazama filme ya kwanza hadi mwisho, mkono usoni, vidole vimeachana kidogo.