Nailoni Iliyofunguliwa Kabla ya Wakati

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chaki wala kitabu. Afisa Kilimo wa Wilaya pale Newala alinikabidhi kisu kidogo kikali, akanipeleka kwenye kitalu cha mikorosho nyuma ya ofisi, ambako wakulima walikuwa wamesimama wakisubiri, akasema, "Haya binti, fundisha." Nikaanza kumwaga yote niliyokariri chuoni. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. "Umemaliza?" akauliza. "Sasa nyamaza, uwaonyeshe." Wakulima wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikashika kisu.

Kazi yenyewe ilikuwa kubebesha, yaani kuunganisha mimea miwili iwe mmoja. Unakata kichwa cha mche mchanga, unapasua shina katikati, unachomeka kikonyo, ambacho ni kijiti kutoka mkorosho uzaao vizuri, kisha unakaza kwa utepe wa nailoni. Baada ya hapo huna la kufanya ila kumwagilia na kungoja wiki kadhaa, mpaka kikonyo kichipue na jeraha lifunge. Ukiifungua nailoni mapema, upepo wa Newala unakausha kila kitu. Nimefundisha hivyo kijiji kwa kijiji, Makote, Chilangala na kwingineko, mpaka wengine wakanisahau jina wakaniita Mama Nailoni.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha mafunzo Masasi, chini ya yale majabali. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa picha za kugeuza, karatasi kubwa zilizofungwa pamoja juu, unafunua moja baada ya nyingine mbele ya watu. Sheria yake ilikuwa moja: "Picha moja, jambo moja. Ukiweka mawili, mkulima ataondoka na lile usilolitaka." Aliwahi kunichania picha nzuri kabisa kwa sababu nilichora na kuku pembeni. Nilinuna siku nzima. Kuku yule alikuwa amenitoka vizuri sana.

Ninyi vijana mnaotengeneza masomo leo mmekuta kazi imehamia kwenye jukwaa la mtandaoni. Mwanafunzi anaingia na nywila yake, anakuta video, sauti, maswali, na ukumbi wa kuulizana. Kwetu lilifika nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nikawekwa chini ya Mratibu wa Mafunzo ya Mtandaoni, kijana mtanashati, mchapakazi, umri wa mwanangu Tumaini. Tulipendana na kugombana kila siku.

Alinirekodi nikibebesha mwanzo hadi mwisho. Siku ya kufunga nailoni alirekodi, na wiki zilipopita akaja tena kurekodi nikiifungua. Kisha akakata.

"Mama, mtu wa simu hana muda wa kukaa na video ndefu," alisema. "Na bando litamwishia."

Hapo alikuwa na haki, nikakubali.

"Na huo muziki je?"

"Wa kuichangamsha, Mama."

"Mikorosho haijawahi kulalamika."

Akacheka, akauacha muziki wake. Ofisi nzima tuliitazama video hiyo tukapiga makofi. Mikono yangu inakaza nailoni, picha inayeyuka, mikono ileile inafungua nailoni, na jani bichi hilo hapo. Sauti yangu ikisema ngoja wiki kadhaa ilikuwemo, lakini chini ya ngoma na kinanda. Sisi tuliisikia kwa sababu tulikuwa tunajua imesema nini.

Wakati huo Zuhura alikuwa amepangiwa kata ya Makote. Alikuwa afisa ugani mpya, mzaliwa wa Njombe, mtoto wa viazi na chai, na mkorosho alikuwa ameuona kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Alikuwa amesubiri ajira miaka, na bado alikuwa kwenye kipindi cha matazamio. Kikundi cha akina mama kilimkabidhi kitalu chao, miche waliyoinywesha maji ya kubeba kichwani kutoka bondeni. Vikonyo navyo hupatikana kwa msimu, na msimu ulikuwa unaisha. Miche ile ikifa, akina mama wangepoteza mwaka mzima, na Zuhura asingepata tena mtu wa kumsikiliza Makote.

Asubuhi moja nilifungua ukumbi wa maswali nikakuta ujumbe wake: "Shikamooni walimu. Jana tumebebesha miche yote ya kikundi. Leo saa sita tunafungua nailoni kama video inavyoonyesha. Ahsanteni kwa somo zuri."

Nikatafuta namba yake. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mratibu alisoma ujumbe juu ya bega langu, akakaa kitini. Wahenga walisema kusikia si kuona, lakini hawakuwahi kukutana na video iliyokatwa.

Nilipanda basi la kwanza la Newala. Njia nzima nilimjaribu Zuhura kwenye simu, na njia nzima nilisali, mimi niliyezaliwa katika familia ya kanisani nikazoea kusali kwa kufuata kitabu, siku hiyo nikisali kwa maneno yangu mwenyewe. Newala nikachukua bodaboda. "Mwanangu, kimbia, lakini nifike mzima," nikamwambia. Alikimbia.

Nilipofika kitaluni akina mama walikuwa wamechuchumaa katikati ya mistari ya miche. Sikusalimia. Nilipaza sauti toka barabarani, "Acheni! Msifungue!"

Zuhura aliinuka na kipande cha nailoni mkononi. "Shikamoo Mama Tumaini! Mbona..."

"Marahaba. Mmefungua mingapi?"

"Huu ndio wa kwanza. Tulichelewa, Mama. Mama Esha amesema kwanza watu wanywe uji."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na gauni langu la ofisini, nikalia na kucheka kwa pamoja. Mama Esha, mwenyekiti wa kikundi, alinitazama akidhani jua limenipata. Nilipowaeleza, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nnungu wangu! Kumbe uji!" Wote wakaangua kicheko. Zuhura peke yake hakucheka. Nikamvuta nikamkalisha kando yangu.

"Mama, mimi nimeangalia mara nyingi," alisema. "Inafungwa, inafunguliwa. Sikuona kungoja popote."

"Hukuona kwa sababu hatukukuonyesha," nikamwambia. "Nyamaza, mwanangu. Miche yako mizima."

Niliufunga upya ule mmoja. Nao ulikufa, siwadanganyi. Iliyobaki, mingi ilichipua.

Masasi, Mratibu alikuwa bado kitini pake. Nilimwambia habari, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, kisha akafuta muziki wote bila mimi kuomba. Tulilivunja lile somo vipande viwili: kufunga, na kufungua. Cha pili tulikifungia kwenye jukwaa, kikawa hakifunguki mpaka wiki zinazotakiwa zipite na mwanafunzi atume picha ya mche wake uliochipua. Pale penye jambo la hatari tuliacha sauti peke yake, picha imetulia. Nilimkumbuka Mkuu wa Kituo na kuku wangu, nikamsamehe.

Nimestaafu sasa, ninalima bustani yangu hapa Masasi. Vijana wakinitembelea huniuliza kamera gani nzuri, programu gani ya kukatia video. Sijui. Mimi huwauliza tu mtu wao atafanya nini kesho yake baada ya kuitazama, nao wengine huondoka wamenuna kama nilivyonuna mimi.

Juzi Zuhura alinipigia. Alithibitishwa kazini zamani, na siku hizi masomo ya mikorosho kwenye jukwaa anayatengeneza yeye.

"Mama, nimeweka video mpya. Ifungue."

"Ina muziki?"

"Nitathubutu?"

Nikaifungua. Mikono ya Mama Esha ilikaza nailoni polepole, ikapiga fundo, ikatoka. Ukabaki mche peke yake, majani ya jirani yakitikisika kwa upepo, hakuna sauti nyingine. Nilidhani simu imekwama. Kisha akasikika Mama Esha mwenyewe kwa mbali: "Haya, nendeni mkanywe uji. Tutaonana mche ukichipua."