Kizibo cha Katikati

Juzi, stendi ya Mpanda, vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mlio wa vizibo ukanirudisha barazani kwetu, kwenye harufu ya tumbaku mbichi.

Tulikuwa tumeshamzika baba mdogo, lakini mchezo wake wa mwisho na baba ulikuwa bado umepangwa mezani. Vizibo vya baba vilitazama juu, vya marehemu vililala kifudifudi. Kimoja cha marehemu kilishika mraba wa katikati, baba hana pa kupita. Mchana ule nikakigeuza kiwe cha baba, ili ashinde.

Baba alikirudisha kifudifudi.

"Muache hapo, mwanangu. Akitoka, mchezo umekwisha."

Nilidhani amechukia wizi wangu. Kumbe aliogopa kushinda.