Bahasha Sita Nilizozirudisha

Nilistaafu nikiwa na sifa moja ambayo hata wasionipenda hawakuninyima: karatasi iliyopita mikononi mwangu haikupotea. Kwa miaka mingi nilisimamia masjala ya taaluma katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala.

Alasiri moja alinijia nyumbani mhadhiri wa uhandisi, mama mmoja aliyetoka mashariki mwa Kongo, ambaye huwafundisha vijana kujenga mitaro ya maji ya mvua. Alikuwa amefundisha kwa mkataba muhula baada ya muhula, na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba mshindi wa tuzo ya ufundishaji atathibitishwa katika ajira ya kudumu. Aliandaa jalada lake la maombi, akalipeleka, likarudi na maneno ya katibu wa kamati: “Hakuna tathmini hata moja iliyojazwa na wanafunzi. Ufundishaji wa mwombaji haujathibitika. Arekebishe ndani ya wiki mbili.”

Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Mimi niliwaona wanafunzi wake wakirudi kutoka Bwaise, mtaa wa mafuriko, na mabuti yao, matope yamewafika magotini, wakibishana juu ya vipimo. Kuna wahadhiri waliosoma daftari lilelile mpaka kurasa zikageuka manjano, na majalada yao yalipambwa kwa picha za rangi. Huyu aambiwe ufundishaji wake haujathibitika?

“Tathmini zako zimepotelea wapi?” nikamuuliza, tayari kumshtaki yeyote aliyeshika kiti changu.

Mke wangu, aliyekuwa ametoka soko la Owino anakouza mashuka, alikuwa anamimina chai. “Si unawaambia wageni kwamba kwako karatasi hazipotei?”

“Hazikupotea, Mama,” akasema mhadhiri. “Niko nazo.”

Akatoa bahasha sita mkobani na kuzipanga mezani. Zote zilikuwa zimefungwa kwa gundi na mhuri wa idara. Juu ya kila moja, kwa wino mwekundu, palikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko sura yangu: *Imechelewa. Irudishwe kwa mhadhiri.* Chini yake sahihi yangu.

Nikakumbuka. Tathmini zilitakiwa kufika masjala kabla ya wiki ya mitihani. Za kwake zilichelewa kila muhula, kwa sababu darasa lake lilimaliza kazi ya nje pale mvua zilipokolea. Mafuriko hayapimwi ardhi ikiwa kavu. Aliwahi kunieleza hivyo. Nami nilimjibu kwamba mvua haina kura katika Seneti ya chuo.

“Kwa nini hukuzifungua, miaka yote hii?”

“Papa, mwalimu hafungui tathmini zake mwenyewe. Ni wewe ulinifundisha.”

Niliinuka kwenda kutafuta waraka wa utaratibu, maana nakala za nyaraka zote ninazo. Nilitaka kumwonyesha kwamba, ingawa matokeo yalikuwa mabaya, kazi ilifanywa kwa mujibu wa kanuni. Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikausoma tena. Uliagiza tathmini zilizochelewa zipokelewe, zitiwe alama ya kuchelewa na zihifadhiwe. Ulikataza tu kuzijumlisha katika wastani wa muhula. Neno la kuzirudisha halikuwamo. Aliyenitangulia alizirudisha, nilipoingia kazini nikamkuta akifanya hivyo, nikaendelea. Waraka niliuhifadhi vizuri mno, bila kuusoma mpaka mwisho.

“Umepata?” mke wangu akauliza.

“Nimepata.”

“Unasemaje?”

“Unasema nilikosea.”

Hakuna aliyenicheka. Mhadhiri alinisogezea sukari.

Tulilifanyia kazi jalada siku tatu mfululizo. Maelezo yake ya falsafa ya ufundishaji yalikuwa na sentensi moja tu: “Ninawapeleka penye maji.” Nilimshauri arefushe, akakataa, na nikaona ana haki. Mimi niliandika tamko la kuambatanisha. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba bahasha zilirudishwa kutokana na mazoea ya ofisi.

Mke wangu aliisoma. “Zilirudishwa na nani? Na hayo mazoea yana mkono wa kutia sahihi?”

Nikaichana. Rasimu ya pili ilianza: “Mimi ndiye niliyezirudisha, kinyume cha waraka.”

Katibu wa kamati alilipokea jalada akitabasamu. “Mzee, si tulikuaga kwa keki? Kwa nini hupumziki?”

“Nitapumzika mkishapokea hizi mbele yangu.”

Kamati ilikubali zifunguliwe kikaoni. Mimi niliitwa kuthibitisha kwamba mihuri haijaguswa. Mhadhiri, kwa mujibu wa kanuni, alibaki nje kwenye benchi. Mwenyekiti alisoma fomu kwa sauti. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba mwalimu huyu anasema haraka na amemharibia viatu vipya. Mwingine aliandika: “Huko Bwaise mama mmoja alitupimia kwa kiganja mahali maji yalipofika ukutani siku watoto wake walipolala juu ya meza. Mwalimu akasema, anzeni kuchora kutoka hapo kwenye kiganja. Sasa nikichora mtaro naanza na ukuta wa mtu.” Mwenyekiti aliirudia fomu hiyo polepole, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

Nilipotoka, mhadhiri aliinua uso. “Wamesema nini, Papa?”

“Kanuni hainiruhusu kukwambia.”

Akaitikia kwa kichwa, bila kinyongo, kama mtu aliyezoea. Kule kuzoea ndiko kulikoniuma. Nikakaa kando yake.

“Kuna mmoja anakudai viatu,” nikasema. “Na kuna mmoja amekuelewa kabisa. Huyo wa pili wamemsoma mara mbili.”

Alicheka, kisha akafunika macho kwa kiganja. Sikumharakisha.

Tuzo alipewa. Barua ya kumthibitisha kazini ilitoka kabla mkataba haujaisha, naye aliniletea nakala, akijua nitaitaka. Kesho yake nilikwenda masjala na nakala ya tamko langu, nikaomba liwekwe katika jalada langu la utumishi.

“Jalada lako lilishafungwa, Mzee,” akaniambia aliyerithi kiti changu. “Tena ni safi. Utalichafua kwa nini?”

“Kwa sababu si kamili,” nikamjibu, nikamwomba anipe namba ya ukurasa wa tamko hilo.