Mkono Niliouficha Mgori

Nakumbuka siku moja kule Mgori, mwanangu, jua likiwa utosini na upepo wa Singida ukitupiga vumbi la alizeti machoni, nilipoanguka chini katikati ya shamba la mzee niliyetaka awe baba mkwe wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kwenye kiganja, na kwenye begi langu nilikuwa na nakala ya diploma. Vitu hivyo viwili niliviamini kuliko nilivyowaamini watu.

Nakueleza haya kwa sababu wiki hii wamekuja vijana wawili kwenye mashine yangu ya kukamua mafuta hapa Issuna, kila mmoja kwa wakati wake, wakinionyesha simu. Wa kwanza ni binti mwenye mabaka meusi mashavuni. Ameyapata kwa mkorogo aliokuwa akijipaka ili awe mweupe, sasa anataka kuyafuta kabla ya harusi ya dada yake. Wa pili ni kijana aliyejichora tatuu shingoni, anataka kuomba kazi ya ulinzi na ameambiwa hawamtaki vile alivyo. Wote wameona tangazo la leza, na wote wameniuliza swali moja: "Mzee, inatoka haraka?" Niliwajibu kwa kifupi, maana mashine ilikuwa inanguruma. Jibu lenyewe ni refu, nimekaa leo niliandike.

Kwanza unijue ninayesema. Mimi nilitoka kijijini hapa juu ya lori la vitunguu, na viatu vyangu nilivivua njiani nisivichakaze. Dar es Salaam nilibeba mizigo sokoni mchana, jioni nikasoma. Sikuwa na mjomba serikalini wala baba mwenye ng'ombe wa kuuza. Nilipata diploma ya ufundi umeme kwa jasho langu, na nyumba nyingi kubwa unazoziona ukipita barabara za kule, nyaya zake zimepita mikononi mwangu. Wenzangu wengi niliotoka nao walirudi na hadithi tu. Mimi nilirudi na cheti, na kwa cheti hicho nikajenga mashine ya kwanza ya umeme hapa kijijini. Nayasema wazi kwa sababu ni kweli. Na kwa kuwa ni kweli, na hili la mkono nitalisema wazi vilevile.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilimpenda msichana aitwaye Rehema, binti wa mwenye nyumba niliyopanga. Rafiki yangu mmoja alikuwa anajua kuchora kwa sindano na wino. Nikampa mkono wa kushoto, akaniandikia REHEMA kwa herufi kubwa, kutoka karibu na kifundo mpaka karibu na kiwiko. Iliuma siku nzima, nami nikaona maumivu yale ndiyo ushahidi kwamba napenda kweli. Mwaka haukuisha Rehema akaolewa na dereva wa malori. Simlaumu. Sikuwahi hata kumuuliza kama anataka jina lake likae kwenye mwili wa mtu.

Miaka ikapita, nikakutana na Mariamu. Alikuwa fundi cherehani, kwao ni Mgori, anatoka nyumba ya watu wa swala na kilimo. Alikuwa na sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Siku ya kwanza aliyoniuliza kwa nini kila siku navaa mikono mirefu katika joto la Dar, nilimjibu, "Niliungua na maji ya moto nikiwa mtoto. Sipendi watu waone." Akanionea huruma. Hakuuliza tena. Mwanangu, uongo ukipokelewa kwa huruma hukaa vizuri sana, na ukishakaa hivyo hupati siku nzuri ya kuuondoa.

Tulipokubaliana kuoana, nilienda kwa daktari wa ngozi mwenye mashine ya leza. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Alinifunika macho kwa miwani mizito, akawasha mashine, na kila mwanga ulipopiga ilikuwa kama mtu ananichapa kwa mpira uliovutwa. Nilisikia harufu ya vinyweleo kuungua. Wino uligeuka mweupe kama umepakwa chokaa, kisha baada ya muda kidogo ukarudia weusi wake, na ngozi ikavimba malengelenge.

"Bado inasomeka," nikamwambia.

"Itasomeka kwa miezi mingi. Mashine inauvunja wino, mwili wako ndio unauondoa kidogokidogo. Ngozi yetu nyeusi haitaki pupa. Nikiongeza nguvu nitakuachia baka jeupe la maisha. Utakuja mara saba, labda nane, na kati ya mara moja na nyingine ni wiki nane. Usitumbue lengelenge, usichomwe na jua, usipake kitu chochote nisichokupa mimi."

"Daktari, mimi nina diploma. Naelewa mambo ya mashine."

"Diploma ya nini?"

"Umeme."

"Basi taa ya ukumbini inawakawaka, ukipata nafasi itazame. Ngozi niachie."

Nilitoka nimeudhika. Nilirudi mara ya pili baada ya wiki nane, na siku nne baada ya hapo Mariamu akaniletea ujumbe kutoka kwao. Ukoo wa baba yake, Mzee Hamisi, ulikuwa na utaratibu wake: kabla ya mahari kupokelewa, mchumba anaitwa shambani. Anavuna siku tatu pamoja na mashemeji, anakula nao sahani moja, anaswali nao, ndipo wazee wanakaa na kuamua. Alizeti ilikuwa imekauka. Niliitwa niende wiki ileile.

Ningeweza kusema, "Nina kidonda, nipeni mwezi mmoja." Ni maneno machache sana hayo. Lakini mwenye kidonda huulizwa kidonda cha nini. Nikafunga bendeji, nikavaa shati langu, nikapanda basi.

Siku ya kwanza nilivuna kama mashine. Nilikata vichwa vya alizeti mpaka kaka yake Mariamu, Juma, akasimama kunitazama. "Huyu fundi wa Dar ana nguvu bwana! Ila shemeji, kunja hiyo mikono, utapikika humo ndani." Nikacheka nikasema nimezoea. Chini ya shati malengelenge yalikuwa yameshapasuka, jasho na vumbi vinaingia.

Kilichonishinda ni udhu. Adhuhuri tulikusanyika penye pipa la maji, wanaume wote wakakunja mikono mpaka viwiko, Mzee Hamisi akiwa wa kwanza. Mimi nikachukua birika nikaenda nyuma ya uzio wa minyaa. Nikawasikia huku nyuma wakicheka.

"Shemeji anatawadha kama bibi harusi," Juma akasema.

"Mwacheni," Mzee akajibu. "Kila mtu na haya yake."

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, ila hawakucheka tena, na hilo liliniumiza zaidi. Nikiwa pale nyuma ya uzio nikafungua bendeji. Jina bado lilikuwepo, limefifia lakini linasomeka na mtoto wa darasa la kwanza. Nikaitazama minyaa iliyokuwa mbele yangu. Unaijua, ule mmea wa uzio wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Tulipokuwa tunachunga mbuzi, mtu akiwa na chunjua tulimdondoshea utomvu ule, na chunjua ikaungua ikatoka. Nikawaza kwa akili yangu ya diploma: leza imeshauvunja wino, mnyaa utakula ngozi, jina litatoka leo. Nikavunja vijiti vitatu, nikapaka utomvu juu ya ngozi iliyochunika, herufi kwa herufi.

Siwezi kukueleza maumivu yale, na sitajaribu. Niliuma kola ya shati ili nisipige kelele. Kisha nikaenda kuswali nyuma ya baba mkwe wangu, mkono unawaka, na sikumbuki hata rakaa moja.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba hata kifungo hakifungi. Nilikuwa na homa, meno yanagongana juani. Mariamu na shangazi yake, Bi Asha, walikuja na uji wa mchana. Nilimwona Mariamu akija na kibuyu kichwani, nikataka kusimama vizuri anione, na ndipo nilipoanguka.

Nilipopata fahamu Bi Asha alikuwa ameshaupasua mkono wa shati kwa kisu cha kukatia alizeti. Yule mama alisoma hadi darasa la saba na alikuwa anajivunia mwandiko wake. Aliinama akasoma taratibu, kidole chake hakigusi ngozi. "Re... he... ma." Akainua uso. "Mariamu, Rehema ni nani?"

Mariamu alipiga magoti, akautazama ule mkono uliochubuka na kutoa usaha, muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Ulisema ni maji ya moto."

Nikajaribu kuuvuta mkono niufiche.

"Mimi nilimwambia mama asikuangalie sana mkono, una kovu la utotoni, unaona haya. Nilimwomba baba asikupe kazi ya kubeba magunia. Juma alipokucheka juzi nilimfokea mpaka akaniomba radhi. Nilikuwa namtetea nani?"

Juma alinipakia kwenye pikipiki yake, akanifunga kiunoni kwake kwa kanga ya Bi Asha nisidondoke, akanipeleka hospitali mjini. Nililazwa wiki mbili. Waliniambia kwamba ningechelewa siku moja au mbili zaidi, wangekuwa wanazungumza habari ya kuukata mkono.

Mzee Hamisi alikuja kuniona. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia magotini, akapokea shikamoo yangu, akanipa pole. Kisha akasema:

"Kijana, alizeti yangu ningeivuna na wanangu. Sikukuita uvune, nilikuita nikuone. Jina la mwanamke kwenye mkono wa kijana ni upumbavu wa ujana, hata mimi nina wangu, ila mimi nilibahatika haukuandikwa. Ungekunja shati siku ya kwanza pale kwenye pipa, tungekucheka mpaka jioni, na kesho yake ungekuwa mkwe wangu. Wewe ukaona bora uuchome mkono wako kuliko kutuamini. Sasa mtu asiyetuamini sisi wakati hatujamtendea baya lolote, siku ya shida mwanangu atamjuaje?"

Nilimwambia nitabadilika. Akasema anaamini nitabadilika. "Ila Mariamu ndiye mwenye neno la mwisho, na ameshalisema." Mshenga alirudisha posa kabla sijatoka hospitali. Mariamu aliolewa baadaye na mwalimu, na nasikia wana maisha mazuri. Nilimwona mara moja sokoni Singida mjini. Alinisalimia kwa heshima, akauliza kama mkono ulipona. Nikamwambia ulipona. Tukaachana hapo.

Nilirudi kwa yule daktari. Aliutazama mkono, hakunigombeza, na hilo nalo lilikuwa adhabu. Alisema kovu limekuwa nene, na wino uliobaki umezama ndani yake, leza haitaufikia bila kuongeza madhara. Mwanamke niliyekuja kumuoa, mama wa watoto wangu, nilimkunjia shati siku ya pili ya kumfahamu, nikamweleza yote kabla ya kumweleza habari ya diploma. Akauliza maswali mengi. Nikayajibu yote.

Basi mwanangu, hili ndilo jibu lako. Leza ni kitu kizuri, na mimi mtu wa mashine siwezi kuidharau. Lakini iendee kwa daktari wa ngozi, si kwa mtu wa saluni aliyenunua mashine mwezi uliopita. Kama una doa, daktari alichunguze kwanza ajue ni doa la nini, hasa likiwa linakua, linabadilika au linatoka damu, maana doa jingine ni ugonjwa na halitakiwi kufutwa tu. Mkorogo uache leo. Muulize daktari ametibu ngozi ngapi nyeusi kama yako. Akikwambia mwaka, mpe mwaka. Usichanganye tiba yake na ujanja wako, hata kama una cheti kikubwa kuliko changu. Kujua kazi moja vizuri hakukufanyi uijue ya mwenzako.

Na watu unaotaka kuishi nao, waonyeshe doa lako likiwa bado lipo. Usisubiri lifutike ndipo uwaendee. Watakaokucheka watakucheka, na kicheko huisha. Mimi nilipoteza nyumba nzima ya watu wema kwa kuogopa kicheko cha mchana mmoja.

Mungu akupe ngozi yenye afya na moyo usio na cha kuficha. Akupe daktari mwaminifu, wakwe wenye subira, na mtu wa kukusikiliza siku utakapoamua kusema kweli. Uende salama, mwanangu, na uzeeke ukitazamika.