Jengo Tulilolitembea Mchangani

Siku ya kwanza nilipofika shule ya ufundi ya Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, nilikuwa nimebeba te begani, ile rula ndefu ya mbao yenye kichwa, na watu wa njiani walidhani nimeleta jembe la aina mpya. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa ameketi mlangoni pa ofisi yake akila karanga. Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayekuja.

"Mama, mwalimu ya desen iko wapi?"

"Njo mimi, Prefe," nikamjibu, yaani ndiye mimi.

"Balituandikia kama ni mutu ya kazi ngumu."

"Basi munionyeshe iyo kazi ngumu, nianze."

Alicheka mpaka karanga zikampalia. Nilimpenda tangu siku ile, ingawa tuligombana karibu kila wiki mpaka alipostaafu.

Ninyi vijana hamkuiona desen ya wakati wetu, uchoraji wa ramani za majengo, acheni niwaeleze. Tulichora kwa wino juu ya kalke, karatasi laini inayopitisha mwanga. Ukikosea unakwangua kwa wembe, ukikwangua sana karatasi inatoboka, na mimi nilikuwa sisamehi tundu. Nilifundisha seksioni mbili, ya ujenzi na ya umeme, na kwa sababu hiyo niliuona mapema ugonjwa wa shule yetu. Wanafunzi wa seksioni hizi walikuwa hawasemezani. Wa ujenzi waliwaita wenzao panya, kwa kuwa walitoboa kuta. Wa umeme waliwaita wenzao wana wa matope. Fundi akishamaliza ukuta, akaupiga lipu na chokaa, ndipo wa umeme wanafika na nyundo na patasi. Ofisi ya Prefe mwenyewe waliitoboa hivyo, hata ukaweza kumsalimu karani wake kupitia ukutani.

Nikakataza mtu kupewa alama peke yake. Kila seksioni ilichora sehemu yake ya jengo lilelile, kisha tukazilaza kalke moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma. Waya uliopita katikati ya mlango ulionekana. Bomba lililogonga nguzo lilionekana pia. Kazi hiyo tuliiita kulalisha, na alama zilikwenda kwa jengo zima. Wazazi walinijia juu. Baba mmoja alitoka Swima kwa ajili hiyo tu.

"Mutoto yangu anapata sifuri juu ya kosa ya mutoto ya mwengine?"

"Baba, nyumba ikianguka, itauliza kwanza kosa ni ya nani?"

Alirudi Swima amekasirika, lakini mwaka uliofuata alimleta mwanawe wa pili.

Kisha vita vikaja. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, meza za kuchorea zilikuwa zimeshakuwa kuni, na kalke zangu zilifungiwa mandazi sokoni. Nilinunua andazi moja nikakuta kwenye karatasi yake ngazi niliyoichora kwa mkono wangu, na hiyo iliniuma kuliko nyumba yangu iliyoporwa. Madirisha ya darasa hayakuwa na kioo hata kimoja cha kulalishia.

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa maternite, hospitali ya kujifungulia. Ilichomwa, zikabaki kuta nyeusi. Wamama walijifungulia katika darasa la shule ya msingi, nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, na mvua iliponyesha mkunga alimshikia mzazi mwavuli. Huyu alikuwa mkuu wa wakunga wote, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Mji mzima ulimwita Mama Mukunga. Alikuja mpaka ofisini kwa Prefe, nami nilikuwapo.

"Prefe, batoto yako banajua kujenga, ao banajua tu kuandika mutihani?"

Swali hilo lilimchoma Prefe, na ndilo lililoanzisha yote. Shirika moja la msaada lilikuwa limeleta simenti na mabati kwa boti kutoka Kigoma, pamoja na Shefu wa shantie, msimamizi wa ujenzi, mtu wa haraka ambaye alilala na buti zake, nadhani. Yeye alitaka mafundi wake. Prefe alimwomba wanafunzi wetu wajenge, na alimwomba kwa unyenyekevu ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake. Mwishowe Shefu akakubali, akatukusanya uwanjani.

"Simenti iko ya jengo moja tu. Barabara ya Uvira imefungwa, na mi sijui kama boti itarudi. Mukijenga mubaya tukabomoa, bamama batabaki bila maternite. Munasikia?"

Tulisikia. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, maana sikuwa na hata karatasi moja ya kuchorea.

Asubuhi moja nikawapeleka wanafunzi ziwani, chini ya soko la samaki, mahali mchanga unapokuwa umelowa na kushindiliwa kama sakafu. Nikawaambia tutachora jengo kwa ukubwa wake halisi, mita moja iwe mita moja. Tulinyoosha mistari kwa uzi wa nyavu. Kona tulizipata kwa kamba ya mafundo, upande mmoja nafasi tatu, wa pili nne, wa tatu tano, ambayo ukiivuta pembetatu inakupa kona ya mraba bila chombo kingine. Ujenzi walichora kuta na njia ya maji machafu kwa mpini wa jembe. Umeme walitandaza nyuzi kuwa waya. Nikaongeza na kundi la tatu, wanafunzi wa uuguzi, wakiongozwa na binti mmoja mwenye mdomo mwepesi aitwaye Riziki. Kazi yao ilikuwa kuishi ndani ya jengo: kunawa mikono, kubeba maji, kumpitisha mgonjwa. Wavuvi walikuja kucheka.

"Mama Desen anajengea samaki nyumba!"

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri mno. Kipoyi, ile machela ya miti miwili tunayobebea wagonjwa, kilipita kila mahali. Asukulu, kiongozi wa seksioni ya ujenzi, kijana wa mabega mapana na majivuno ya kutosha, alikuwa ameshaanza kupeana mikono. Mimi nikamwita.

"Asukulu, ukuta yako iko wapi?"

"Njo iyi, mama."

"Iyo ni mustari. Ukuta iko na unene. Muende mulete matofali."

Walinung'unika, lakini walileta matofali mabichi yaliyokuwa yanaanikwa karibu, wakayapanga safu moja juu ya mistari yote. Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Ujenzi walipima kutoka nje ya mstari. Umeme walipima kutoka ndani. Riziki na wenzake walipima pale nyayo zao zilipokanyaga. Kila kundi lilikuwa sahihi kwa hesabu yake, na jengo lilikuwa limekosewa. Ukumbi ulipungua. Kipoyi kikaingia, Riziki amelala juu yake akijifanya mzazi, na kwenye kona ya kuingilia chumba cha kujifungulia kikakwama. Mbebaji wa mbele alikuwa chumbani, wa nyuma amebanwa ukutani, na Riziki akaanguka mchangani. Wavuvi walishika mbavu.

Shefu, aliyekuja kukagua, hakuona shida yoyote. "Babebaji bainue kipoyi upande moja, bapinduze, bapite."

Mama Mukunga alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Akasogea.

"Shefu, lala pale."

"Nini?"

"Lala pale, bakubebe."

Alikuwa mtu mwenye heshima zake, lakini watu walikuwa wengi na wote wanamtazama. Akalala, na buti zake. Vijana wakamwinua, wakakiinamisha kipoyi kwenye ile kona kama alivyosema mwenyewe, naye akang'ang'ania miti kwa mikono miwili akipiga kelele washushe.

"We iko muzima na unalia," Mama Mukunga akamwambia. "Sasa ufikiri mama mwenye anatoka damu."

Shefu aliinuka, akajipangusa mchanga polepole, akasema, "Mukate ile kona." Nilimheshimu kwa neno lile.

Kukata ncha ya kona ili ukuta upite mshazari ni rahisi kusema. Matofali yaliyopangwa mshazari yanamtesa fundi. Njia ya maji machafu ilibidi ihame, na ilipohama ikaenda kukaa chini ya sanduku la umeme, na Wilondja, kiongozi wa umeme, kijana mwembamba anayeongea bila kupumua, akasema hatahamisha waya hata mmoja. Walibishana mpaka nikachoka nao. Nikaweka sheria mpya: hakuna kutetea kazi yako. Asukulu ataeleza waya, Wilondja ataeleza maji machafu, na wote watamsikiliza Riziki akieleza mgonjwa. Kila asubuhi walilitembea jengo hivyo, kila mmoja akisema kazi ya mwenzake kwa sauti, mpaka wakaafikiana. Nikawatembeza tena na tena hata walipokuwa wameafikiana. Ilifika wakati wavuvi wenyewe, wakipandisha nyavu, walizunguka kuingilia mlangoni badala ya kukanyaga ukuta.

Tulikuwa tumechimba msingi tu, pale ilipoungua maternite, vita vikarudi. Baraka ilimwagika. Mimi nilipanda mtumbwi kwenda Kazimia pamoja na familia ya Asukulu. Riziki na wazazi wake walipanda milimani, Fizi. Wilondja na seksioni yake nzima walivuka ziwa kwenda Tanzania. Kule Kazimia nilitwanga mihogo, nikauza samaki wakavu, na sikuacha kuiwaza ile simenti.

Tuliporudi, Prefe, Riziki na Asukulu wakiwamo, mawimbi yalikuwa yameufuta mchanga, hakuna hata alama. Lakini simenti ilikuwapo. Shekhe wa mji hakukimbia, aliitunza katika stoo ya msikiti wake, juu ya mbao, akaifunika mikeka. Shefu naye alirudi. Aliminya mfuko mmoja kwa vidole.

"Itaganda karibuni. Tujenge sasa ao tuiache. Ba umeme hawapo, basi tuinue kuta tu. Batatoboa siku yenye batarudia."

Patasi tena! Ndani ya chumba ambamo watoto wanazaliwa, katika kuta tulizozihangaikia namna ile. Nilimkatalia, nikamwambia mirija ya waya iingie ukutani wakati wa kujenga. Akaniuliza ni nani anayejua mahali pake, karatasi iko wapi.

Asukulu akavua ndala zake. Akaingia ndani ya msingi, kati ya kamba, akaanza kutembea.

"Wilondja anaingilia hapa. Anapanda. Anapita juu ya mulango, anaacha taa moja kwa kitanda, anashuka kwa mukono ya kushoto ya Mama Mukunga."

"Hapana," Riziki akamkata. "Pale njo pa kunawia mikono. Nilikataa umeme karibu na maji, na Wilondja alikubali."

"Kweli. Basi anashuka hatua moja mbele."

Wengine wakaingia, kila mmoja akikumbusha, akisahihisha. Hapakuwa na mtu wa umeme hata mmoja, na umeme wote ulikuwa pale, midomoni mwa wana wa matope. Nililia wazi mbele yao, wala sikufunika uso. Prefe, ambaye hakuwahi kunisifu, alinishika bega akasema, "Mwalimu." Neno hilo moja tu, na mimi nilijua maana yake.

Tukajenga. Kona ilikatwa, matofali yakapangwa mshazari, na Asukulu akalalamika kwa kila tofali. Tulifunika bati kabla ya mvua kubwa, na watoto wa shule ya msingi wakarudishiwa darasa lao.

Amani iliporudi kidogokidogo, Wilondja naye alirudi, na mfuko wa vifaa mgongoni. Alizunguka maternite akichungulia midomo ya mirija iliyozibwa kwa vijiti. Akasukuma waya wa kuvutia upande mmoja. Asukulu akasubiri upande wa pili. Waya ukatokeza.

"Nani alikuambia nilitaka hapa?"

"Njo we mwenyewe. Si ulinichosha masikio?"

Patasi haikuugusa ukuta ule hata mara moja.

Baada ya hapo wakubwa walinihamishia Fizi kuwa direkta wa masomo, cheo chenye meza kubwa na vumbi jingi, na huko ndiko nilikostaafia. Nilirudi Baraka kwenye nyumba yangu. Majuzi vijana wahandisi walinitembelea na kompyuta. Ndani yake mlikuwa na jengo zima linalozunguka, maji kwa rangi yake, umeme kwa rangi yake, kila fundi anaona kazi ya mwenzake, na vitu vikigongana mashine inaonya. Nilipiga makofi. Niliwaambia ni kulalisha kulekule, na sasa hakuna wimbi linaloweza kuufuta mchoro. Nikawashauri tu wasisahau kumlaza Shefu ndani yake. Walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao.

Nawaandikia haya kwa sababu ya jambo la msimu wa mvua uliopita. Mke wa mwanangu alishikwa na uchungu, na damu ikaanza kutoka kabla ya wakati. Vijana wa jirani walimweka kwenye kipoyi wakakimbia naye mpaka maternite, mimi nyuma yao na goti langu bovu. Waliingia ukumbini bila kupunguza mwendo, wakapinda kwenye kona, wakaingia chumbani. Kipoyi hakikuinama hata kidogo. Mlango ukafungwa, nami nikabaki nimeegemea ule ukuta wa mshazari, naomba Mungu.

Baadaye nikasikia mtoto analia, na muuguzi akatoka kuniambia mama yake pia ni mzima. Wale vijana walikuwa wameketi kibarazani wanafuta jasho. Niliwashukuru, kisha nikashindwa kujizuia, nikawauliza kama ile kona haikuwasumbua.

Walitazamana.

"Kona gani, Mama?"