Jumapili Mama Alipoombea Mahindi ya Wengine

Mama yangu anakausha omena. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha, na mpaka leo ukimtafuta mchana utampata ufukweni, chini ya Kombewa, ameinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye nyasi, akigeuza samaki hao wadogo kwa mkono huku akiwatukana yangeyange wanaomwibia. Omena wakinyeshewa kabla ya kukauka hubadilika rangi na kunuka, na hapo hawanunuliwi na mtu ila mwenye kuku.

Ndiyo maana Jumapili ile nilidhani amerukwa na akili.

Jua lilikuwa limekataa kutuachia. Mahindi huko juu yalikuwa yamejikunja majani, na mchungaji akatangaza ibada ya kuomba mvua. Mama, kwa kuwa ni mwenyekiti wa akina mama, akapewa kuongoza maombi. Nilikuwa nimetoka Kisumu, ninakoshona nguo, nije kumsaidia, maana wavuvi walikuwa wamepata sana wiki hiyo na yeye alikuwa na nyavu sita za omena wabichi. Tulizitandaza asubuhi, wingu jeusi likitutazama kutoka ziwani.

"Mama," nikamwambia, "omba mvua ya Jumanne."

Akacheka. "Nyasaye si fundi kama wewe, nyathina. Hiyo ya 'kuja Tuesday' ni yenu."

Nyasaye ni Mungu, na nyathina ni mwanangu; huniita hivyo hata sasa nina mvi.

"Basi omba kidogo tu. Usitie bidii."

"Nikiomba ya uongo, nani atasema amina?"

Mimi nilikuwa sijaomba tangu mwaka uliotangulia, tulipomzika ndugu yangu mdogo. Figo zilimwangusha akiwa bado kijana. Mama alifunga na kuomba mpaka akakonda, na bado tukamzika. Tangu hapo nilikuwa nikienda kanisani kwa ajili ya Mama tu, nikikaa karibu na mlango.

Siku hiyo alivua viatu, akapiga magoti kwenye saruji, akaanza. Hakuomba mvua kwa jumla. Alipita shamba baada ya shamba, kama mtu anayepiga hodi: la mjane aliye karibu na kisima, la mwalimu mstaafu, la yule mama mkorofi ambaye mwezi uliotangulia yeye na Mama walikuwa wamegombania mpaka wa ukuta. Kila shamba alilitajia hali yake, mahindi yamefika wapi, maharagwe yameungua vipi. Nilisubiri afike ufukweni. Nilimtaka ataje nyavu zake, hata mara moja. Hakuzitaja. Nilimkasirikia, na wakati huo huo nikajua sijawahi kuona mtu mkubwa kama yeye.

Kabla hatujamaliza wimbo wa mwisho, mabati yakaanza kulia. Watu wakaruka, wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka mbio, viatu mkononi, nikateremka mpaka ziwani. Mama na wanawake wenzake walinifuata, yule mkorofi akiwa mbele, vitambaa vyao vya Jumapili vikichuruzika maji. Tuliokoa nyavu mbili. Nne ziliharibika.

Mvua ilipopungua, wale wanawake wakaenda kutazama mashamba yao. Mama alikaa kwenye nyasi akalia. Hakujificha. Alilia kwa sababu ya omena wake, na katikati ya kulia alikuwa akimshukuru Mungu kwa mvua.

Hapo nikalipuka. "Huyu ndiye anayekupenda? Kwanza mtoto wako, sasa kazi yako! Huwa unamshukuru kwa nini hasa?"

Alijipangusa pua kwa leso. "Wakati wa matanga, nililala chini siku ngapi?"

"Nyingi."

"Peke yangu?"

Nilikumbuka. Wanawake wale wale walikuwa wamelala naye kwenye mkeka, wamekuja na unga wa mahindi yao vichwani, na yule mkorofi ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Mimi sijui kwa nini mtoto yangu alienda," akasema. "Nimeuliza Nyasaye, hajaniambia. Nikifika nitauliza tena. Lakini hiyo mkeka, nani alituma hao watu? Mimi sikuita mtu."

"Mimi siwezi kuongea naye, Mama. Nina hasira."

"Kwani mimi sikukuwa na hasira? Mwambie hivyo hivyo."

Nilisimama na miguu yangu ndani ya matope. Nikasema, kwa sauti ambayo hata sikuitambua, "Mungu, ulimchukua ndugu yangu, na mimi bado sijakusamehe."

"Amina," akasema Mama, akasimama, akaniambia nishike upande ule mwingine wa wavu.